Mita ya Umeme Si Halmashauri

Hoja inayotawala kuhusu kodi ya majengo imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayejisumbua tena kuitetea. Inasema kodi hii ilikuwa kero ya miaka mingi: halmashauri zilishindwa kuikusanya, wenye nyumba waliikwepa, watendaji walizunguka na madaftari bila mafanikio, mpaka Serikali ilipoamua kuipitisha kwenye LUKU. Sasa anayenunua umeme anakatwa hapo hapo, kiwango ni kidogo, kinafanana kwa wote, na hakuna mgambo wa kumgongea mtu mlango alfajiri. Kwetu sisi wa Shinyanga na Geita hoja hiyo huongezewa kipande cha pili: halmashauri zetu zina migodi, ushuru wa huduma unaingia, kampuni zinajenga madarasa na zahanati, kwa hiyo kodi ya nyumba iwe kichwa cha habari Dar es Salaam, huku kwetu haina uzito.

Utaisikia kwa madiwani, kwa wafanyabiashara wa Katoro, kwa maofisa wa fedha, na hata kwa wapangaji ambao ndio wanaoilipa. Ninaipinga yote, kipande cha kwanza na cha pili, na cha pili kinanitia hofu zaidi. Lakini tuanze na mita.

Kwa Sheria ya Fedha ya 2021, makato yalianza tarehe 20 Agosti mwaka huo: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa mwezi kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500. Kwa mwaka ni shilingi 18,000 kwa nyumba ya chini, na 90,000 kwa sakafu. Angalia kinachohesabiwa hapo. Ni jengo, na idadi ya sakafu zake, basi. Ukubwa hauulizwi, wala kuta, wala paa, wala kiwanja kiko barabara ya lami au nyuma ya korongo, wala kama ndani analala bibi na wajukuu au kuna biashara ya mamilioni.

Tuitazame Kahama, mji unaokua kwa kasi kuliko mingi ya Kanda ya Ziwa. Pembezoni mwa mji kuna nyumba ya vyumba viwili, matofali ya kuchoma, bati la kawaida, choo cha nje. Mwenye nyumba hiyo anadaiwa shilingi 18,000 kwa mwaka. Karibu na barabara kuu kuna lodge ya vyumba ishirini na tano iliyotandazwa chini, ina uzio, maegesho, ukumbi wa harusi na jiko la kisasa, ila haina ghorofa. Kwa kipimo cha sheria hii nayo ni nyumba ya kawaida, yaani shilingi 18,000. Mgeni mmoja akilala usiku mmoja, kodi ya mwaka mzima ya jengo lile imeshapatikana. Ghala linalopokea mpunga kutoka Ushetu na Msalala, lenye uwezo wa kumeza malori, halina sakafu ya pili, kwa hiyo nalo liko kundi la bibi na wajukuu. Halafu kuna fundi cherehani aliyejibana, akajenga kijengo chembamba cha ghorofa moja, duka chini na familia juu. Huyo ana sakafu mbili, anadaiwa 180,000. Mara kumi ya lodge.

Watetezi wa mfumo huu wanauita wa haki kwa sababu unafanana kwa wote. Mimi naona hapo ndipo udhalimu wake ulipo. Kodi ya jengo popote duniani ina mantiki moja inayoeleweka: aliyefaidika zaidi na mji achangie zaidi mji. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika Kahama na Shinyanga mwaka 2009 kupitia mradi mkubwa wa bomba, viwanja vilivyopitiwa na bomba vilipanda thamani bila mwenye kiwanja kunyanyua jembe. Lami inapofika, taa za barabarani zinapowashwa, stendi inapohamishiwa upande fulani wa mji, bandari kavu ya Isaka inapochangamka na reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka inapojengwa, thamani hupanda tena. Thamani hiyo imetengenezwa na umma. Kodi inayohesabu sakafu haiwezi kuigusa hata kidogo, inaiacha yote mfukoni mwa aliyebahatika kuwa na eneo.

Tukumbuke pia kwamba nchi hii imewahi kutozwa kodi ya kuhesabu nyumba. Wajerumani waliileta mwaka 1898, kibanda kwa kibanda, na Waingereza wakaendelea nayo kwa sheria yao ya kodi ya kibanda na kichwa ya mwaka 1922. Mtawala wa mbali aliyekuwa hamjui mlipaji wala hakutaka kumjua alikuwa na njia moja tu ya kukadiria: hesabu vibanda, zidisha. Serikali huru iliona aibu ya kodi ya aina hiyo. Ikaifuta mwaka 1969, ikairudisha kwa sura ya kodi ya maendeleo katikati ya miaka ya 1980, ikaifuta tena mwaka 2003, kwa sababu ileile: ilimbana maskini na tajiri kwa kiasi kimoja, na kwa maskini kiasi hicho kilikuwa kikubwa. Leo tunasifu kwamba teknolojia imetuwezesha kufanya kile mkoloni alichokuwa akikifanya kwa daftari na karani.

Sasa tuje kwa anayelipa. Kisheria deni ni la mwenye jengo. Mita haimjui mwenye jengo, inamjua anayenunua tokeni. Katika miji ya migodi, anayenunua tokeni mara nyingi ni mpangaji: mchimbaji aliyetoka Nzega au Sengerema kutafuta duara, mwalimu aliyepangiwa kazi Nyang'hwale, muuguzi, dereva, mama lishe anayeamka saa kumi. Mfumo ulipoanza, ilielezwa kwamba mpangaji aliyekatwa aelewane na mwenye nyumba wake wapunguziane kwenye kodi ya pango. Nani ameishi chumba cha kupanga asijue maelewano hayo yanaishia wapi? Mtu amelipia pango la miezi sita mkupuo, chumba kinagombewa na wengine watano, aende kwa baba mwenye nyumba kudai shilingi 1,500? Ataambiwa kama hapendi ahame. Kwa hiyo kodi ambayo sheria imemtwika mwenye mali imeshuka kimyakimya mpaka kwa asiye na mali. Mzee wa miaka 60 anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe amesamehewa na sheria, jambo jema, lakini mita haijui umri wa mtu. Mpaka afuatilie. Na mwenye jumba anayetumia umeme wa jua kamwe hatakatwa na mita asiyokuwa nayo.

Yote hayo yangeweza kurekebishwa kwa marekebisho ya viwango na kanuni. Lililo zito zaidi ni mahali fedha inapokwenda.

Mwaka 2016 kodi ya majengo iliondolewa mikononi mwa halmashauri ikapewa Mamlaka ya Mapato, kwanza katika halmashauri 30, mwaka uliofuata katika miji yote. Fedha ikaingia Mfuko Mkuu wa Serikali. LUKU ilipokuja mwaka 2021 ilibadilisha mlango wa kukusanyia tu. Kiwango kinapangwa Dodoma ndani ya Muswada wa Fedha, kinakusanywa na shirika la umeme, na kinachorudi kwenye halmashauri, kikirudi, kinakuja kwa mgawo uliokatwa juu. Baraza la Madiwani la Kahama haliwezi kuongeza wala kupunguza hata shilingi moja ya kodi ya nyumba za Kahama. Haliwezi kusema mwaka huu tunaomba nyongeza ndogo kwa sababu tunataka kumaliza mitaro ya eneo la soko, na mwakani mtupime. Mkurugenzi hana orodha ya nani kalipa na nani hakulipa. Na mwananchi mtaro ukimfurikia Machi akamfuata mtendaji wa mtaa, anajibiwa kwamba hakuna fungu. Mtendaji hadanganyi! Fungu halipo kweli. Mwananchi kalipa, mtendaji hajapokea, na kati yao hakuna anayeweza kumshika mwenzake.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo kwa Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka yasiyo na kodi yake yenyewe ni ya kuazima. Hili nchi yetu ililipia gharama ya kulijifunza. Mwaka 1972 tulifuta Serikali za Mitaa kwa jina la madaraka mikoani, tukaamini wataalamu kutoka wizarani wangeendesha miji vizuri zaidi. Mitaro iliziba, barabara zikafa, taka zikajaa, kipindupindu kikaingia mijini mwishoni mwa muongo huo, na mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa haraka. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri miaka ya 1980 kwamba kufuta Serikali za Mitaa ni moja ya mambo ambayo asingeyarudia. Sheria ya Ukadiriaji ya Mamlaka za Miji ya mwaka 1983, iliyozipa halmashauri uwezo wa kuthamini majengo na kutoza kodi kwa thamani, ilizaliwa ndani ya majuto hayo. Halafu tukaanza kuyumba: Mamlaka ya Mapato ikapewa kazi hiyo Dar es Salaam mwaka 2008, ikanyang'anywa 2014, ikarudishiwa 2016. Mtafiti Odd-Helge Fjeldstad na wenzake wameandika kwa kina juu ya kwenda na kurudi huku. Katika mwendo huo, kila aliyeanza kujenga orodha ya walipaji aliondolewa kabla haijakamilika, halafu akalaumiwa kwamba hana orodha.

Najua jibu litakalokuja: hizo halmashauri zenyewe si zilikuwa zinakula? Zilikuwa zinakula, na zipo zinazokula hadi leo. Siwatetei. Tumeona majengo ya halmashauri yaliyoanza kwa mbwembwe yakaota majani, tumeona posho za vikao zikitangulia dawa za zahanati, na ripoti za Mkaguzi Mkuu kila mwaka zinajaa hoja za makusanyo yasiyopelekwa benki. Lakini mantiki ya kuchukua kodi kwa sababu mkusanyaji ni dhaifu ingefuatwa mpaka mwisho, wizara ngapi zingebaki na bajeti? Mwizi wa fedha ya karibu anaonekana. Wananchi wa mtaa wanajua diwani amejenga lini na kwa nini. Fedha ikishaingia kwenye mfuko ulio kilomita mia kadhaa kutoka hapa, mlipaji wa Masumbwe hana hata pa kuanzia kuuliza.

Wapo wanaosema pia kwamba uthamini wa nyumba moja moja ni ghali, wathamini ni wachache, na orodha huchakaa. Hilo lina ukweli, na jirani zetu wa Nairobi ni ushahidi: kwa takriban miongo minne walitoza kodi ya ardhi kwa kutumia orodha ya uthamini iliyotengenezwa miaka ya 1980, wakati mji wote ulikuwa umegeuka sura. Ila hakuna anayelazimika kuchagua kati ya uthamini wa kitaalamu wa kila nyumba na uhesabuji wa sakafu. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, ulibadilisha mfumo wake mwaka 2020 chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr. Walitumia picha za setilaiti, wakapita mitaani wakitazama majengo kutoka nje, wakatoa pointi: ukubwa, aina ya paa na kuta, uzio, barabara inayofika, matumizi ya jengo. Wenye nyumba duni wakapunguziwa, wenye majumba wakaongezewa, na orodha ya majengo ikakaribia kuwa maradufu. Serikali kuu yao ilisimamisha kazi hiyo kwa muda, kwa sababu wenye majumba wana sauti. Hayo nayo tuyatarajie.

Na sisi tumeshafanya sehemu ngumu ya kazi bila kujua. Mwaka 2022 nchi nzima iliwekwa kwenye anwani za makazi, nguzo zikasimikwa, namba zikabandikwa milangoni. Mwaka huohuo Sensa ya Watu na Makazi ilihesabu majengo kwa mara ya kwanza na kupata zaidi ya milioni 14. Kila jengo la Geita na Shinyanga sasa lina mahali pake kwenye ramani. Kinachokosekana ni kumpa ofisa wa halmashauri, akiwa na mwenyekiti wa mtaa na simu mkononi, ruhusa ya kupita na kujaza pointi. Kazi ya miezi, kwa vijana wale wale waliofanya sensa.

Sasa nije kwenye migodi.

Fikra kwamba halmashauri za ukanda wa dhahabu ni tajiri inastahili kupigiwa hesabu mbele ya watu. Mgodi wa Geita, unaomilikiwa na AngloGold Ashanti, huzalisha karibu wakia laki 5 kwa mwaka. Kwa bei ya dola 1,800 kwa wakia, ambayo ilikuwa bei ya kawaida miaka michache iliyopita, mauzo ni dola milioni 900. Ushuru wa huduma kwa halmashauri miaka hiyo ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo, yaani dola milioni 2.7. Mrabaha wa dhahabu tangu 2017 ni asilimia 6, yaani dola milioni 54, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ni dola milioni 9 nyingine. Mrabaha na ada hiyo vinakwenda Serikali Kuu. Sensa ya 2022 ilikuta mkoa wa Geita una watu karibu milioni 3. Ukitandaza ule ushuru wa huduma juu ya mkoa mzima, haufiki dola moja kwa mtu kwa mwaka. Bei ya dhahabu imepanda tangu wakati huo na ushuru umepanda nao, lakini hata ukiuzidisha mara mbili, huo ndio utajiri tunaoambiwa umelala chini ya miguu yetu.

Na hata huo haukuja kwa hiari. Mikataba ya migodi ya miaka ya 1990, ya Bulyanhulu na ya Geita, iliweka kikomo cha dola laki 2 kwa mwaka kwa tozo zote za Serikali za Mitaa, ingawa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ilikuwapo. Halmashauri husika hazikuwa mezani mikataba ilipotiwa saini. Kamati ya Jaji Mark Bomani iliyoripoti mwaka 2008 ilifungua mjadala, na mgodi wa Geita ukaja kuanza kulipa asilimia 0.3 takriban mwaka 2013. Malimbikizo ya nyuma yakabaki mgogoro. Septemba 2017 madiwani wa halmashauri mbili za Geita, ya Mji na ya Wilaya, walikwenda kufunga barabara ya kuingia mgodini wakidai zaidi ya dola milioni 12, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Watu waliochaguliwa kwa kura wamesimama getini wanadai fedha ambayo kiasi chake, kikomo chake na tarehe yake vilipangwa na wengine. Sijaona picha inayoeleza hali ya halmashauri zetu vizuri zaidi ya hiyo, na bado tunaambiwa halmashauri za migodi hazina shida.

Mwaka huohuo wa 2017 Msalala ilipata somo lake. Machi Serikali ilipiga marufuku kusafirisha makinikia, yaani mchanga wa madini, nje ya nchi. Sibishani hapa na uamuzi huo. Sababu zake zilikuwa kubwa, na mwisho wake ulikuwa kampuni ya ubia ya Twiga na hisa za asilimia 16 kwa Serikali. Ninachosema ni kwamba Bulyanhulu, mgodi ulio Msalala, ulipunguza kazi Septemba, uchimbaji wa chini ya ardhi ukarudi mwishoni mwa 2020, na katika miaka hiyo mitatu halmashauri iliyokuwa ikipanga bajeti juu ya mauzo ya mgodi mmoja haikuwa na neno la kusema. Nyumba za Bugarama na Kakola hazikwenda popote. Zilikuwa pale pale, na halmashauri haikuwa na haki ya kuzitoza.

Buzwagi ni mfano mkali zaidi kwa sababu uko ndani ya Manispaa ya Kahama yenyewe. Mgodi ulianza kuzalisha 2009, ukamaliza 2021. Miaka kumi na miwili. Mtoto aliyezaliwa Mwendakulima mgodi ulipofunguliwa alikuwa bado shule ya msingi ulipofungwa. Eneo limetengwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi na ninalitakia heri, ila viwanda vinakuja polepole, na mara nyingi vinavutwa kwa misamaha ya kodi. Tulawaka upande wa Biharamulo ulidumu 2005 hadi 2013 kabla STAMICO, shirika la madini la taifa, haijauchukua. Golden Pride wa Nzega, mgodi wa kwanza mkubwa wa dhahabu wa zama hizi, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka kama kumi na tano baadaye ulikuwa umekwisha. Wenye matumaini watanitajia Mwadui, unaochimba almasi tangu 1940. Lakini nenda Kishapu ukatazame. Kwa miongo mingi hospitali, shule na uwanja wa ndege vilikuwa ndani ya uzio wa mgodi, mji wa kampuni unaojitosheleza, na nje ya uzio wilaya ikabaki miongoni mwa zenye mapato madogo. Mgodi unaodumu miaka 80 haukujenga halmashauri yenye nguvu, kwa sababu mgodi hauna kazi hiyo.

Wala fedha za uwajibikaji wa kampuni kwa jamii hazina kazi hiyo. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, kifungu cha 105 kinautaka mgodi uandae kila mwaka mpango wa kusaidia jamii na kukubaliana na halmashauri. Yamejengwa madarasa, zahanati, masoko, na watu wa Geita wanayaona kwa macho. Ninashukuru kwa hayo. Bado ni mpango wa kampuni, unaojadiliwa mezani kati ya kampuni na watumishi, wenye thamani inayopanda na kushuka na hali ya kampuni, na mwananchi wa Nyankumbu hana nafasi yoyote ya kusema nimelipa, nionyesheni. Hajalipa. Anapokea. Na anayepokea, tumemzoesha kushukuru, hatumzoeshi kudai.

Kwa hiyo ukanda wa dhahabu ndio ungepaswa kuongoza nchi katika kudai kodi ya majengo irudi nyumbani. Ni hapa ambapo dhahabu inageuka nyumba mbele ya macho yetu. Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa akibahatika, mwenye karasha wa Nyarugusu akipata mwaka mzuri, mnunuzi wa dhahabu aliyesajiliwa kwenye soko la madini la Geita lililofunguliwa Machi 2019 akikuza mtaji, fedha inakwenda wapi? Inakwenda kwenye kiwanja, tofali, nondo na bati la rangi. Katoro na Masumbwe zimejengwa hivyo, na sehemu kubwa ya Kahama. Mfuko wa dhahabu waweza kupita njia za panya, na mara nyingi umepita. Jumba la vyumba kumi na tano haliwezi kuvushwa mpaka usiku. Likishasimama, limesimama. Kama kuna namna ya halmashauri kubakiza sehemu ya utajiri wa madini miaka hamsini baada ya shimo kufukiwa, ni kwa kutoza, kidogo na kwa haki, kila mwaka, yale majengo ambayo madini yameyazaa.

Na itozwe kwa namna gani? Kwa pointi, kama nilivyosema. Nyumba ya vyumba viwili ya pembezoni ilipe shilingi elfu chache, au isilipe kabisa. Lodge ya vyumba ishirini na tano ilipe laki kadhaa, na haitafilisika. Ghala litozwe kwa ukubwa wake. Ankara imfuate mwenye jengo kwa jina na namba yake ya malipo, mpangaji aachwe na umeme wake. Anayetaka kulipa kidogo kidogo kupitia LUKU aruhusiwe, kwa hiari na kwa mita ya nyumba anayoishi mwenyewe. Fedha iingie akaunti ya halmashauri, na sehemu inayojulikana, iliyoandikwa kwenye sheria ndogo, ibaki kwa mtaa uliolipa, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji: mtaa huu umelipa kiasi hiki, kimebaki kiasi hiki, kimezibua mtaro huu. Kwa kuwa barabara za mitaa zilikwenda kwa TARURA, wakala wa Serikali wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017, halmashauri zimebaki na yale yanayogusa pua na miguu ya watu kila siku: taka, mitaro, masoko, vyoo vya stendi, zahanati, madarasa. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji kusubiri bei ya dhahabu ya London.

Ushuru wa huduma wa migodi nao ubadilishiwe kazi. Leo unachanganywa na mapato mengine ya ndani, unakatwa ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, sehemu inakwenda kwenye miradi, sehemu kwenye uendeshaji, mwaka unaisha. Fedha itokanayo na mali isiyozaliwa upya ingefaa kujenga vitu vinavyozaa: stendi, masoko yenye maduka ya kupangisha, viwanja vilivyopimwa kabla watu hawajavamia. Kuilipia posho za kikao ni kula mbegu.

Muswada wa Fedha hufika bungeni kila Juni, na kazi yake huanza miezi mingi kabla, halmashauri zinapoandaa bajeti zao. Madiwani waliochaguliwa Oktoba 2025 wana muda wa kutosha. Mabaraza ya Kahama, Shinyanga, Msalala, Ushetu, Kishapu, na yale ya mkoa wa Geita yapitishe maazimio yao sasa, yayapeleke ALAT, jumuiya ya tawala za mitaa, kama ombi la mikoa miwili na si la wilaya moja moja, wabunge wao wayabebe hadi Kamati ya Bajeti. Ombi la kwanza liwe rahisi kuandikwa: halmashauri moja ya ukanda huu, Kahama ingefaa, iruhusiwe kuanzia mwaka ujao wa fedha kuthamini majengo yake kwa pointi, kupanga viwango vyake kwa sheria ndogo, kukusanya na kubaki na kodi yote kwa miaka mitatu, huku Mkaguzi Mkuu akikagua akaunti hiyo peke yake na kutangaza matokeo. Wizara ikikataa, iseme kwa maandishi ni kwa nini mji wa watu laki kadhaa hauwezi kuaminiwa na kodi ya nyumba zake wenyewe.